Desktopu imejaa: diski ya nje ipi inafaa nyumbani, na hii "flashi ya TB 2" ya elfu 35 ni kweli?

MwanaBwiru

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijashuka mjini Jumamosi.

Kompyuta ni desktopu ya mtumba, Core i5 kizazi cha 4, RAM GB 8, Windows 10 Home. Hadi diski (hard disk) ya ndani ni GB 500 na imebaki na GB 14 tu. Mzigo wa kuhamisha ni kama GB 380: picha za familia tangu 2009, video za harusi na kipaimara (kuna faili zinafika GB 7 moja), vyeti vilivyoskaniwa, na kazi za shule za watoto. Vingi hufunguliwa mara moja moja, ila video zinatakiwa kuonekana kwenye TV ya sebuleni. Umeme hukatika na UPS (betri ya akiba ya kompyuta) sina.

Bajeti ni 250,000. Bei nilizotajiwa mpaka sasa: hadi diski ya nje TB 1 ni 170,000, SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya nje TB 1 ni 260,000, kasha tupu la USB 3.0 la kuwekea diski ya laptopu ni 20,000. Ninayo laptopu iliyokufa ubao, diski yake ya GB 500 nadhani bado nzima. Halafu kuna jamaa anauza "flashi TB 2" kwa 35,000, anasema ni toleo jipya.

Nichukue ipi, na nikiwa dukani nipime nini?

FundiWaNyakato

Mkuu, hiyo ya TB 2 iache kwanza, kuna watu humu watakuja kuichambua. Tuongelee vitu vya kweli.

Umeandika "kuhamisha". Hapo ndipo wengi wanapoumia. Ukihamisha GB 380 kutoka ndani kwenda diski moja ya nje, kisha ukafuta za ndani ili upate nafasi, bado unazo nakala moja tu, na sasa iko kwenye kitu kinachoweza kudondoka mezani. Kwa hiyo usitafute diski moja nzuri sana. Tafuta mbili za kawaida, na moja unayo tayari.

Hesabu yako inakaa hivi: hadi diski TB 1 kwa 170,000, kasha 20,000 kwa ajili ya ile ya laptopu. Jumla 190,000. TB 1 itaonekana kwenye Windows kama GB 931, na GB 500 kama 465. Usiogope, hujaibiwa, kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000 na Windows inagawanya kwa 1,024 mara tatu. Mzigo wako wa 380 unaingia kwenye zote mbili. Elfu 60 inayobaki, nunua flashi ya GB 64 ya kupeleka video kwenye TV, na pesa itakayobaki iweke kama mbegu ya UPS.

SSD ya nje kwa kompyuta yako haitakupa mbio unazozilipia. Diski ya ndani ni ya kuzunguka, nayo husoma MB 100 hadi 150 hivi kwa sekunde faili zikiwa kubwa. Hata ukichomeka SSD inayoandika MB 400 kwa sekunde, itakaa inaisubiri ya ndani. GB 380 kwa MB 110 kwa sekunde ni kama dakika 58. Ukikosea tundu ukachomeka USB 2.0, kasi inashuka MB 35 hivi na kazi hiyo hiyo inakula saa tatu. Picha ndogo ndogo maelfu huenda taratibu zaidi ya hapo kwa diski yoyote ya kuzunguka, kwa sababu kichwa cha kusomea kinaruka huku na kule.

Angalia matundu nyuma ya desktopu. Yale yenye ulimi wa bluu ndani ndiyo USB 3.0. Kizazi cha 4 kwa kawaida unayo angalau mawili nyuma. Yanatoa hadi miliampea 900, wakati USB 2.0 ni 500. Diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka inaweza kutaka kama ampea 1 kwa sekunde chache, ndiyo maana kwenye tundu dhaifu unasikia tik, tik, tik, halafu inapotea. Watu hudhani diski imekufa. Mara nyingi ni waya mrefu, au tundu la mbele ambalo limeunganishwa kwa waya mwembamba ndani ya boksi, au ile hab ya matundu manne isiyo na adapta yake. Waya mfupi, usiozidi nusu mita, tundu la nyuma, moja kwa moja.

Usinunue ile kubwa ya inchi 3.5 yenye adapta ya volti 12. Kila umeme ukikatika inazima ghafla, na utahitaji sehemu ya ziada kwenye UPS ambayo bado huna.

Jiwe_Bismarck

Nimekuja kwa ajili ya flashi ya TB 2.

Gawanya bei kwa GB, hesabu ya darasa la tano. Hadi diski uliyotajiwa: 170,000 kwa GB 1,000, yaani shilingi 170 kwa GB. Ya jamaa: 35,000 kwa GB 2,000, yaani 17.50. Flashi haiwezi kuuzwa kwa moja ya kumi ya bei ya hadi diski, maana chipu za flashi ndizo ghali kwa kila GB. Mwenye kuiuza hivyo hana TB 2 ndani.

Kilichomo ni chipu ndogo, tuseme GB 16 au 32, na kidhibiti kilichoandikwa upya kiiambie kompyuta "mimi ni TB 2". Windows haina njia ya kubisha, inaandika ukubwa iliyoambiwa. Unakopi GB 20 za kwanza, zinafunguka. Unafurahi. Ukipita ukubwa halisi, kidhibiti ama kinatupa data hewani ama kinarudi mwanzo na kuandika juu ya ulizoweka jana. Majina ya faili yataendelea kuonekana yote, na ukubwa wake, kwa kuwa orodha ya majina imekaa mwanzoni kwenye sehemu ya kweli. Siku unafungua video: nyeusi. Picha: nusu ya juu ipo, nusu ya chini kijivu.

Zipo pia zinazovaa sura ya SSD ya nje, za chuma, zinasema TB 8 au 16. Ukizifungua unakuta memori kadi imegandishwa kwa gundi kwenye kisomeo, na wakati mwingine kipande cha chuma cha kuongeza uzito.

Upimaji uko wa aina mbili.

Wa haraka, dukani: ValiDrive ya Gibson Research, ya bure, inaendeshwa na Windows. Inaandika na kusoma maeneo 576 yaliyotawanywa diski nzima na kukuchorea ramani. Kijani ni salama, nyekundu ni uongo. Ni dakika chache tu. Nenda na laptopu ya rafiki ikiwa tayari ina programu hiyo, usitegemee kupakua pale dukani. Flashi iwe tupu.

Wa uhakika, nyumbani: H2testw. Chagua flashi, chagua nafasi yote, bonyeza "Write + Verify". Inajaza flashi hadi mwisho kisha inasoma kila kitu na kulinganisha. Kwa GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde, kuandika peke yake ni kama saa moja na dakika 47, kusoma ongeza nusu saa na ushee. Ukiona "Test finished without errors" maliza, futa faili za majaribio, tumia. Ikikuandikia kwamba GB kadhaa ni sawa na zilizobaki zimepotea, rudisha. Wa Linux mnatumia F3: `f3write` kisha `f3read`.

Na risiti ya EFD udai. Muuzaji anayekwepa risiti ya kitu cha laki moja na zaidi amekwishakuambia atafanya nini ukirudi Jumatatu.

Sangara64

Napingana na Fundi kidogo. Nyumba yenye watoto, diski ya kuzunguka ni mtihani. Ikidondoka kutoka mezani ikiwa inazunguka, kichwa kinagonga sahani na hapo ni maombi. SSD haina kitu kinachozunguka. Haina tik tik, haisumbui kwa umeme mdogo wa USB, na unaiweka mfukoni. Kuongeza 10,000 tu kwenye bajeti si jambo la kumfanya mtu aache.

Kuna jambo jingine ambalo wauza hadi diski hawasemi: nyingi za inchi 2.5 za TB 1 kwenda juu ni za SMR, yaani mistari ya data imelaliana kama mabati ya paa. Ukiandika kidogo, sawa. Ukimwaga GB 380 kwa mkupuo, sehemu ya akiba inajaa na kasi inaweza kuanguka hadi MB 30 au chini yake. Zile dakika 58 ni za kwenye karatasi.

FundiWaNyakato

Sangara, hoja ya SMR naikubali. MwanaBwiru, hesabu saa mbili au tatu badala ya moja, anza kabla ya kulala. Kasi ikipungua katikati usichomoe, inajipanga.

Ila SSD za bei ya chini nazo zina lao. Chipu za QLC (aina ya bei rahisi) zikimaliza akiba yake ya haraka zinashuka mpaka MB 80 au 100 kwa sekunde, yaani pale pale kwa hadi diski. Na kazi ya huyu ndugu ni kutunza, diski ikae kabatini miezi. SSD hushika data kwa chaji ya umeme inayovuja polepole. Kiwango cha JEDEC (chombo cha viwango vya chipu) kwa SSD za watu wa kawaida kinataka data ikae mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi 30, na hapo ni baada ya SSD kumaliza maisha yake yote ya kuandikwa. Ikiwa mpya inakaa zaidi, lakini si kitu cha kufungia sandukuni ukakisahau. Mwenye SSD aichomeke kila baada ya miezi michache aiache isome.

La watoto ni kweli kabisa. Dawa yake ni kwamba diski haikai imechomekwa. Inachomekwa siku ya kunakili, inatolewa, inarudi juu. Angekuwa anahariri video kila siku juu ya diski ya nje, ningemwambia SSD bila kupepesa macho.

Na 260,000 inamwachia nakala moja. Nakala mbili kwa 190,000 zinaishinda nakala moja ya kifahari.

Sangara64

Hapo kwenye nakala mbili sina ubishi. Akipata pesa baadaye anunue SSD ya ndani ya SATA (aina ya tundu la diski za ndani) aweke Windows, ndipo ataisikia tofauti ya SSD.

MwanaBwiru

Asanteni sana wakuu. Nimeelewa la nakala mbili. Nauliza mengine:

1. Nifomati kwa NTFS, exFAT au FAT32? TV yangu kwenye flashi ya zamani inasoma, lakini sijui ni ipi.
2. Diski ya laptopu nitajuaje ni nzima?
3. Kunakili nitumie kopi-pesti ya kawaida?

Jiwe_Bismarck

Kufomati kwanza.

FAT32 haipokei faili ya GB 4 na zaidi. Video zako za GB 7 zimeshindwa hapo hapo, itakuambia faili ni kubwa mno hata kama nafasi ipo tele. Itumie kwa flashi ndogo za TV kongwe na redio za gari tu.

exFAT inapokea faili kubwa, inasomeka Windows, Mac, na Linux yenye kerneli (kiini cha mfumo) 5.4 kwenda juu. Ubaya wake kwako: haina shajara, yaani daftari la kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, orodha ya faili inaweza kuvurugika na diski ikaomba kufomatiwa. Ubaya wa pili mdogo: kwenye diski ya TB 1 Windows huipangia vyumba vya KB 128, kwa hiyo kifaili cha KB 2 kinachukua chumba kizima. Vifaili 100,000 vinaweza kupoteza GB 6 na zaidi bure.

NTFS ina shajara, kwa hiyo umeme ukikatika faili iliyokuwa inaandikwa inaweza kuharibika, lakini diski yote haianguki. Mac huisoma tu bila kuiandika. Wewe una Windows peke yake, hapo hakuna mjadala: diski zote mbili NTFS. Flashi ya TV ijaribu NTFS kwanza, TV nyingi zinaisoma. Ikikataa jaribu exFAT.

Onyo kuhusu TV: ukichomeka diski ikakuuliza kama iiandae kwa ajili ya kurekodi, jibu HAPANA. Kuiandaa maana yake ni kuifuta yote. Ndiyo maana Fundi alikuambia ununue flashi ya TV. Diski za kutunza zisifike sebuleni.

Kama TV haioni kabisa ulichochomeka, hata kwa NTFS, angalia kama kimepangwa kwa GPT (mfumo mpya wa kugawa diski; wa zamani ni MBR). TV za zamani zinajua MBR tu, na MBR inatosha mpaka TB 2.

FundiWaNyakato

Diski ya laptopu.

Itoe, angalia meno yake. Ya SATA ina vipande viwili vya bapa, kimoja kifupi cha data chenye mistari 7 na kirefu cha umeme chenye 15. Ukiona sindano nyingi za safu mbili, hiyo ni IDE ya kale na haitaingia kwenye kasha lako. Unene kwa kawaida ni milimita 7 au 9.5, na makasha mengi yanakubali zote. Ile ya 7 inakuja na kipande cha sponji ili isicheze. Usilazimishe.

Ichomeke tundu la nyuma la bluu, fungua CrystalDiskInfo (programu ya kusoma afya ya diski), tazama mistari hii:

05 – sekta (vipande vidogo vya diski) zilizokufa na kuhamishwa. Sifuri ndiyo nzuri. Chache zisizoongezeka si msiba.
C5 – sekta zinazosubiri, yaani diski imeshindwa kuzisoma na haijaamua.
C6 – zilizoshindikana.
C7 – makosa ya njiani. Yakiongezeka, mshuku waya au kasha kabla ya diski.
09 – saa ilizowahi kuwashwa.

Idadi zilizo kwenye mistari hiyo programu huziandika kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16) kama hujabadilisha, hivyo 10 maana yake 16, na 1A ni 26. Watu wameshatupa diski nzima kwa kutojua hilo, na wengine wakatunza mbovu. Baadhi ya makasha ya bei poa hayapitishi taarifa hizi kabisa. Ukiona hakuna kitu, ichomeke ndani ya desktopu kwa waya wa SATA uisome.

Fanya hivyo hivyo kwa ile mpya ya 170,000, pale pale dukani. Mstari wa 09 uwe saa chache au sifuri. Ukikuta saa elfu kadhaa, hiyo ni diski ya laptopu ya zamani iliyovishwa gamba jipya.

Halafu angalia tundu la diski mpya lenyewe. Nyingi zina lile tundu pana na bapa la USB 3.0 lenye kiuno. Likilegea ni shida, kwa sababu kwenye diski nyingi za nje tundu hilo limechomelewa moja kwa moja kwenye ubao wa diski, hakuna SATA ndani ya kutolea. Chomeka na kutoa mara tatu, tikisa waya taratibu huku inasoma. Isipotee.

Jiwe_Bismarck

Kunakili: kopi-pesti inafanya kazi, ila ikikwama kwenye faili ya 9,000 hujui ya kabla zilifika salama au la. Tumia robocopy, imo ndani ya Windows tayari. Fungua Command Prompt uandike, ukibadilisha herufi za diski kufuata zako:

`robocopy "D:\Picha" "E:\Picha" /E /R:1 /W:1 /LOG:C:\Users\Public\nakala.txt`

/E inabeba folda zote pamoja na tupu. /R:1 /W:1 inajaribu mara moja tena kwa sekunde moja ikikuta faili mbovu. Usipoiweka, kawaida yake ni kujaribu mara milioni moja kila baada ya sekunde 30, utazeeka hapo. Umeme ukikatika, rudia amri ile ile. Inaruka zilizokwisha kufika na kuendelea. Mwisho soma nakala.txt, safu ya FAILED iwe 0.

Kuna swichi ya /MIR, utaikuta kwenye mafunzo mengi. Inafuta kwenye diski ya nje chochote kisichokuwepo kwenye ya ndani. Mtoto akifuta folda kimakosa, wewe ukaendesha /MIR usiku, nakala nayo imekwenda. Iache.

Kwa faili za maana sana, vyeti na video ya harusi, linganisha alama ya vidole:

`certutil -hashfile "E:\Video\harusi.mp4" SHA256`

Endesha kwa ile ya ndani na ya nje. Herufi zikifanana zote, faili ni ile ile baiti kwa baiti. Usifute za ndani mpaka diski zote mbili zimepita.

Kutoa: bofya alama ya USB karibu na saa, chagua kuitoa, subiri ruhusa. Ikikataa, funga madirisha ya folda na programu ya kuchezea video. Ikiendelea kukataa zima kompyuta kwanza kisha uchomoe.

KamangaFeri

Mmesahau kuwa nakala mbili kwenye kabati moja ni nakala moja siku ya mwizi au ya paa kuvuja. Moja itoke nyumbani. Ndugu wa Sengerema, Ukerewe au hata Igoma tu, ilimradi si paa moja.

Kubeba kwa feri au pantoni: diski iwe imezimwa na imepoa, kwenye kijimfuko chake kigumu, kisha mfuko wa plastiki wa zipu, kisha wa pili. Waya uwe tofauti, usibaki umechomekwa; begi likikandamizwa, waya ndio unaovunja tundu. Iweke kwenye begi la mgongoni, si kwenye mzigo unaowekwa chini na magunia ya dagaa. Ikifika kutoka kwenye baridi ya maji ya alfajiri, iache ndani ya mfuko saa moja hivi izoee joto la chumba, ndipo uiwashe.

Kutunza: nyumba za karibu na ziwa zina unyevu, hasa masika. Kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, weka vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye viatu, vitatu vinne. Si juu ya friji, si jikoni, si pembeni ya spika kubwa. Bandika karatasi: yaliyomo, tarehe ya nakala ya mwisho.

Kwa kuwa kuna vyeti na namba za NIDA humo, diski inayotoka nyumbani ifungwe kwa nenosiri. Windows Home inafungua diski ya BitLocker (kufuli la diski la Windows) lakini haiwezi kuitengeneza. Tumia VeraCrypt, ya bure: tengeneza faili moja ya GB 5 ya siri ndani ya diski, weka nyaraka humo, picha ziache wazi. Nenosiri liandike karatasini libaki nyumbani. Ukilisahau hakuna fundi wa kulifungua, asikudanganye mtu.

Ukifikiria kupandisha mtandaoni: GB 380 kwa kasi ya kupandisha Mbps 5 ni siku saba usiku na mchana bila kukatika. Nyaraka tu ndizo za kupandisha, akaunti ya bure ya Google ina GB 15.

MwanaBwiru

Nimesharudi kutoka mjini. Hadi diski TB 1: 09 inasoma saa 0, 05 na C5 sifuri. Flashi GB 64 imepita H2testw. Sasa mambo mawili:

Diski ya laptopu kwenye kasha: 05 ni 0, C5 ni 8, C6 ni 0, alama ya njano. Ndani hakuna cha maana, nilishakitoa.

Na ile mpya inanakili kwa MB 34 kwa sekunde haipandi, ingawa imo tundu la bluu. Ni SMR hiyo?

FundiWaNyakato

SMR huanza kwa kasi kisha hushuka. Inayokaa 34 tangu sekunde ya kwanza bila kuyumba ni USB 2.0. Tundu ni la bluu sawa, lakini mambo matatu: waya si ule uliokuja na diski (waya wa simu wenye kichwa chembamba unaingia kwenye nusu ya lile tundu pana, unafanya kazi, ila kwa USB 2.0), au hukusukuma hadi mwisho, au dreva ya USB 3.0 haipo. Anza na waya. Ukiwa sahihi na bado 34, fungua Device Manager, utafute sehemu ya USB iliyoandikwa 3.0 au xHCI. Ikiwa na alama ya njano weka dreva ya chipseti ya kompyuta yako.

Diski ya laptopu: C5 ya 8 ni sekta nane ambazo haziwezi kusomeka, na diski inasubiri ziandikwe ndipo iamue. Ilazimishe. Bofya kulia kwenye diski, Format, NTFS, ONDOA tiki ya Quick Format. Hapo Windows inaandika sifuri eneo lote unalolifomati. GB 500 ni saa moja na nusu au mbili. Kisha soma tena. C5 ikirudi 0 na 05 isipozidi 8, jaza mzigo wako, uache usiku mmoja, usome mara ya tatu. Namba zikitulia itumie kama nakala ya pili, ile inayobaki nyumbani. Mpya ndiyo iende ng'ambo kwa ndugu. C5 ikipanda tena hata kwa moja, usiiamini, iliyobaki kwenye ile elfu 60 iongezee ununue ya pili. Kasha halitapotea.

MwanaBwiru

Waya. Nilichomeka wa simu. Sasa ni MB 108. Ya laptopu inafomatiwa, nitaleta C5 asubuhi.